Darasa la tano, sangara na vizibo vya soda: nianzie wapi kufundisha viumbe vamizi?

Swali limeletwa na mwalimu mmoja wa msingi, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mzee. Nafundisha darasa la tano upande wa Sengerema, Ziwa Victoria tunaliona kwa dirisha. Darasani nina watoto 87 na wengi ni wa wavuvi. Nataka waelewe viumbe vamizi, ila kila nikiandika ubaoni 'ni viumbe wageni wanaoharibu mazingira' wanakariri, kesho yake wamesahau. Projekta hatuna. Nianzie wapi? Na je niwapeleke ziwani wakang'oe magugumaji, si itawasaidia kuelewa?"

Marahaba mwalimu wangu, na pole na hao 87, wenzio huku wakipata 45 wanaandika barua.

Naanza na swali lako la mwisho maana ndo lenye hatari. Usiwapeleke kung'oa. Najua inavutia na picha inatoka nzuri, watoto wameshika magugu wanacheka, lakini kwenye mizizi ya yale magugu kuna konokono, na konokono ndo njia ya kichocho, kuna nyoka, na sehemu nyingine za ziwa hilo hilo kuna mamba ametulia anakuangalia wewe unavyopiga picha. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: gugumaji halisubiri mbegu ili liongezeke, linatoa vitawi vinatambaa juu ya maji na kila kitawi mwishoni kinazaa mche mpya, kwa hiyo mtoto akivuta kikakatika kipande kikaelea kikaenda zake, hapo hujang'oa kitu, umepanda. Na mbegu zake pia zipo, zikizama kwenye tope zinaweza kukaa hata miaka 20 zikiwa hai.

Fanya hivi badala yake. Mwombe mvuvi akutolee mche mmoja, akuwekee pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, sehemu kavu, uende na watoto kwa makundi, mkae mbali na maji. Chukua kikonyo cha jani, ile sehemu iliyovimba kama kiputo, ikate kwa wembe wewe mwenyewe halafu wapitishie waone ndani. Ni sponji tupu, vyumba vidogo vidogo vya hewa. Kipande kingine kitumbukize kwenye beseni la maji ukibinye kwa vidole, mapovu yanapanda juu, hapo hutahitaji kumwambia mtoto kwa nini linaelea, atakwambia yeye. Kisha angalieni majani. Ukibahatika utakuta vidoa vya kahawia, vimekwanguliwa kama mtu amepitisha ukucha. Hivyo vidoa ni alama za fukusi, wadudu wadogo, nitawarudia baadaye maana wana kisa chao. Mkimaliza mche wote uanikwe juani ukauke kabisa, mbali na maji, na usije ukabeba mche mzima kwenye ndoo kwenda kuuweka kwenye bwawa la shule ati ukue watoto wauone. Nimeshakuta bwawa la hivyo, tena mwenye bwawa anajivunia maua.

Haya, sasa nianzie wapi.

Tatizo la ile sentensi yako ya ubaoni ni hilo neno "wageni wanaoharibu". Mtoto akisikia hivyo anafunga hesabu, mgeni ni mbaya, kwisha. Halafu anarudi nyumbani anakula ugali wa mahindi, mboga ya nyanya, jioni muhogo wa kuchemsha, na vyote hivyo asili yake ni Amerika. Sasa mahindi ni kiumbe vamizi? Muulize hilo swali siku ya kwanza kabisa kabla hujaandika chochote ubaoni, uwaache wabishane, utashangaa kelele.

Mimi huwa natumia msemo ambao kila mtoto anaujua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi alikuja, akapewa jembe, mpaka leo analima na sisi. Na mahindi ukimtelekeza porini mwaka mzima bila mtu wa kumpandia na kumpalilia anakufa, hana ubavu wa kuishi bila sisi. Gugumaji je? Hakuna anayelipanda, hakuna anayelimwagilia, watu wanalipiga vita na bado linatanda. Huyu ni mgeni ambaye siku ya tatu amechukua jembe, siku ya nne amechukua shamba, siku ya tano wenyeji wanamwomba ruhusa ya kupita. Darasa la tano wakishika hilo swali moja, "ukimwacha peke yake anakufa au anatawala?", umeshafika mbali kuliko vitabu vingi. Maelezo yanayobaki ni mafupi: katoka kwingine, binadamu ndo aliyemleta kwa kujua au bila kujua, anaenea mwenyewe, na wenyeji wanaumia.

Na kuhusu kwa nini anatawala, mtoto anaelewa haraka ukimwambia maadui zake wamebaki kwao. Kule bonde la Amazon gugumaji lina wadudu wanaolila na maradhi yanayolisumbua, huku lilikuja peke yake, kama mtoto mtundu aliyehamia mtaa ambao hakuna anayemjua mama yake.

Kuna jambo moja naomba ulibebe kama yai. Angalia nani amekaa kwenye madawati. Darasa kama lako halikosi mtoto aliyehamia juzi, familia imefuata dagaa kutoka mkoa mwingine, au wamevuka mpaka. Ukisema "wageni wanaharibu, wageni waondolewe" mara kumi kwa kipindi kimoja, wakati wa mapumziko huyo mtoto ataitwa gugumaji. Sitanii, watoto hawachelewi. Ndo maana mfano wangu wa pili baada ya mahindi ni mti mmoja unaitwa Maesopsis, wataalamu wa misitu wanaujua sana. Kwao ni Uganda na huku kwetu upande wa Kagera, huko ni mti mwema tu unaishi na wenzake. Ukapelekwa Amani, Usambara Mashariki, ndani ya Tanzania hii hii, na kule ukageuka mvamizi, ndege hondohondo wanakula matunda yake wanakwenda kuangusha mbegu ndani ya msitu, popote mti mkubwa ulipokatwa wenyewe unawahi kujaza nafasi. Kwa hiyo uvamizi hauna uhusiano na pasipoti. Mti ule ule, nyumbani mwema, ugenini msumbufu, na aliyeuhamisha ni mtu.

Hapo kwenye "aliyeuhamisha ni mtu" ndo napotaka ufike mwalimu, na ndo jibu langu kwa kifupi. Usifundishe viumbe wabaya. Fundisha nani alimleta, alitaka nini, na hakuuliza nini. Wavamizi wengi tulio nao wana mtu nyuma yao aliyekuwa na sababu nzuri tu, na watoto wanapenda visa vya watu.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Miaka ya nyuma nikiwa mji mmoja huko mashariki, nikaenda shule na bango langu kubwa nimechora kunguru wa India na msalaba mwekundu juu yake, nikaeleza alivyo mwizi wa mayai, anavyokula makinda ya ndege wengine, alivyojaa pwani yote. Somo likapendeza kweli, makofi. Jumatatu yake mwalimu mkuu ananipigia simu, wavulana wameponda kunguru kwa mawe wikiendi nzima wakamletea saba kwenye mfuko wa salfeti wakitegemea zawadi. Nikaenda kuangalia. Kati ya saba, watano walikuwa na shingo na kifua cheupe. Hao ni kunguru wetu sisi, wenyeji, wale wale ambao kunguru wa India anawasukuma nje ya miji. Wa India shingo yake ni ya kijivu, mwili mwembamba kidogo, hana weupe popote. Mimi niliwapa watoto adui kabla ya kuwapa macho. Tangu siku hiyo bango nimelichana, na nikifundisha kunguru naanza na kuwatofautisha, hata siku mbili nzima, halafu naeleza kwamba aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka za mji. Yaani alikuwa mfanyakazi wa usafi! Takataka zikazidi kuwepo, naye akazidi kuwepo, akavuka bahari akaja bara akapanda na kushuka pwani yote, mpaka mwaka 2024 Kenya wakatangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja. Ukiwauliza watoto "angekosa takataka angezaana hivi?" unapata majibu mazuri sana kuhusu jalala la shule.

Sasa kwako wewe kisa kikubwa kimelala hapo nje ya dirisha, sangara, na hapa nakuomba uende taratibu. Ada na madaftari ya nusu ya darasa lako yametoka kwenye sangara. Baba anamvua, mjomba yuko kiwanda cha minofu, mama anakaanga mapanki, yale mabaki ya mifupa na vichwa baada ya minofu kutolewa, na bei ya mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara, watoto wanaijua kuliko wewe. Ukisimama mbele ukasema sangara ni shetani wa ziwa, mtoto atachagua kati yako na baba yake, na mimi ningemchagua baba.

Anza na mabibi. Wape kazi ya nyumbani moja tu, wamuulize mtu mzima kuliko wote pale nyumbani: ulipokuwa na umri wangu mlikuwa mnakula samaki gani, na mlikuwa mnawakaushaje? Basi. Siku inayofuata andika majina ubaoni. Utapata furu, ngege, ningu, gogogo, domodomo, kamongo, na mengine ya Kisukuma na Kikerewe ambayo hata mimi siyajui. Halafu waambie wainue mikono, nani amekula ningu mwaka huu? Kimya kile kitafanya kazi ambayo projekta isingeweza. Usikiharakishe, kiache kikae.

Ndipo ueleze. Ziwa lilikuwa na furu wa aina zaidi ya 500 kwa makadirio, wengine hawapatikani pengine popote duniani, vidogo vidogo vyenye miiba, huyu anakula mwani, yule anakula tope la chini, mwingine kazi yake ni kuvunja konokono kwa meno ya kooni. Maofisa wa kikoloni wakaona hivi visamaki ni vya nini, tuweke samaki mkubwa avile vigeuke nyama ya maana. Miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 1960 sangara akaingizwa upande wa Uganda. Alikuwepo Ziwa Albert tangu zamani ila asingeweza kupanda mwenyewe, maporomoko ya Murchison yanamzuia. Maporomoko yalikuwa mlango, mtu akambeba akampitisha dirishani. Sangara anaweza kufika mita mbili na kilo 200, waonyeshe watoto urefu huo kwa kamba sakafuni, walale pembeni yake wajipime.

Na hapa pana kitu ambacho vitabu vinaruka. Baada ya kuingizwa hakutokea jambo kubwa kwa miaka zaidi ya 20. Watu walikuwa wanapata sangara mmoja mmoja, wengine wanamshangaa. Halafu ilipoingia miaka ya 1980 akalipuka, furu wakaporomoka kama wamefagiwa, na wanasayansi wanakadiria karibu aina 200 hazikuonekana tena. Ile sababu ya kuuliza "mlikuwa mnawakaushaje" inakuja hapa: furu na ngege walianikwa juani wakakauka. Sangara ana mafuta, juani anaoza, anataka moshi, na moshi unataka kuni. Kwa hiyo samaki amebadilika majini na miti imepungua mlimani. Mtoto akiunganisha hayo mawili mwenyewe, bila wewe kumwambia, hiyo ndo ikolojia, hata kama hilo neno hajawahi kulisikia.

Lakini useme na mengine. Sangara hakuwa peke yake kwenye kosa. Mbolea na udongo kutoka mashambani, maji machafu ya miji, vyote vinaingia ziwani, mwani unazidi, kina cha chini kinakosa oksijeni, na maji yakiwa machafu furu wanashindwa kuonana rangi wakati wa kuzaana. Halafu wapige na hii ya mwisho ufurahie nyuso zao: sato pia ni mgeni. Ndiyo, sato huyu huyu wa kukaanga. Aliletwa miaka hiyo hiyo ya 1950, naye akachangia kumsukuma ngege nje, ngege leo ukimtaka unamkuta kwenye vijiziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya. Na useme kwamba baada ya sangara kuvuliwa sana baadhi ya furu wamerudi, sio wote ila wapo, mtoto asitoke darasani anaona yote yamekwisha.

Sasa vizibo.

Ile habari ya "kimya miaka 20 halafu mlipuko" mtoto haiingii kichwani kwa maneno, inabidi aione. Chora ziwa sakafuni kwa chaki au uani kwa kijiti, mraba wenye vyumba 8 kwa 8, jumla 64. Mtoto mmoja ni mvuvi, ana mtumbwi wa karatasi, anatakiwa atoke upande huu afike upande ule kwa kupita vyumba vitupu tu. Weka kizibo kimoja cha soda. Hilo ni gugumaji, na kila duru ni wiki mbili, kwa sababu likipata joto na chakula linaweza kuongezeka mara mbili kwa muda wa wiki moja mpaka mbili hivi. Duru ya kwanza vizibo 2. Ya pili 4. Ya tatu 8, bado wanacheka, mvuvi anapita kama barabara kuu. Ya nne 16, mvuvi anaanza kuzunguka. Ya tano 32, nusu ya ziwa imekwenda, hapo simamisha mchezo uulize, imebaki muda gani lijae? Wengi watasema nusu iliyobaki itachukua muda kama ule wa nusu ya kwanza, duru tano nyingine. Endelea. Duru moja tu, 64, kwisha habari, mvuvi amekaa na mtumbwi wake.

Wiki 12. Hata muhula wa shule haujaisha.

Halafu rudia mchezo, safari hii kila duru mruhusu mtoto mmoja atoe vizibo vitatu. Kundi la kwanza lianze kutoa duru ya pili, kundi lingine lianze duru ya tano. La kwanza linatoa vitatu kati ya vinne, kinabaki kimoja, na duru inayofuata vitakuwa viwili tu, wanavimaliza. La pili linatoa vitatu kati ya 32, ni kichekesho. Wataona wenyewe kwa nini watu wa mazingira wanapiga kelele wakati bado hakuna kitu kinachoonekana, na kwa nini hakuna anayewasikiliza wakati huo.

Baada ya mchezo ndo uwape historia. Magugumaji yalionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakishuka na Mto Kagera. Yana ua zuri la zambarau, watu wa bustani ndo waliolisambaza duniani. Kufika mwaka 1998 yalikadiriwa kufunika karibu hekta 20,000, ukigawa kwa viwanja vya mpira ni zaidi ya 25,000. Meli hazifiki gatini, mwaloni hakutoki mtumbwi. Ila wavuvi wengine chini ya yale magugu walipata kambale na kamongo kuliko kawaida, hao wanaweza kuvumilia maji yenye hewa kidogo, kwa hiyo hata hapo kuna aliyecheka. Usilifiche hilo. Na usisahau lile la mbolea na maji machafu, maana gugumaji ni mgeni kweli lakini chakula tunampikia wenyewe.

Na fukusi sasa. Miaka ya 1990 katikati walianza kuachiwa ziwani fukusi wadogo wa aina ya Neochetina, wametoka huko huko Amerika ya Kusini, wanakwangua majani na watoto wao wanatoboa ndani ya mashina mpaka mche unalowa na kuzama. Fukusi pamoja na mawimbi na mvua za El Niño vikayapunguza sana. Nilipokuwa naeleza hivi kwenye shule moja ya kisiwani, binti mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono: "Sasa hao fukusi nao si wageni? Mmewaleta nyie." Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo, na nimeshakaa kwenye semina na maprofesa. Jibu ni ndiyo, ni wageni, na ndo maana kabla ya kuachiwa walifungiwa na kupewa mimea mingine mingi kuona kama watakula, wakakataa, chakula chao ni gugumaji. Sangara hakuna aliyemfanyia hivyo. Kwa hiyo mlinganishe watoto hao wawili, aliyeulizwa maswali kabla ya kuletwa na asiyeulizwa.

Ukipata kipindi cha ziada, fanya mahakama. Hiyo nimeiiba Baringo, Kenya. Kule kuna mti unaitwa mathenge, ulipandwa miaka ya 1980 wakitaka kuni na kuzuia ukame kula ardhi, ukatanda ukafunga malisho, na mbuzi wakila yale maganda yake matamu meno yanaoza yanadondoka. Mwaka 2006 wananchi wakaenda mahakamani kuishtaki serikali, na kielelezo kimojawapo alikuwa mbuzi kibogoyo. Waambie watoto hicho kisa, watalala chini kwa kucheka, kisha waambie na sisi leo tunamshtaki sangara. Gawa kazi, huyu hakimu, huyu furu, huyu mnandi, ndege mla samaki, aliyekosa chakula, huyu mama wa mapanki, huyu mfanyakazi wa kiwanda, huyu bibi wa kuanika ngege, na mmoja awe wakili wa sangara, mpe mtoto mbishi kuliko wote. Mara ya mwisho kuifanya, wakili alikuwa kijana mdogo mwenye kaptula kubwa, akasimama akasema, "Mheshimiwa hakimu, mteja wangu hana miguu. Alifikaje huku?" Mahakama ikavurugika kabisa, wakaanza kutafuta mtu wa kumshtaki badala ya sangara, na mimi nikaacha kengele ilie.

Kama ziwa siku hiyo halifikiki, mvua au nini, shamba la shule linatosha. Ingia kwenye mahindi machanga, tafuta kile kinyesi kama unga wa msumeno kimejaa kwenye kikombe cha mmea, fungua jani taratibu. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia vidoa vinne vimekaa kama kona za mraba. Mtoto mwenye macho mazuri anaviona bila lenzi. Naye ni wa Amerika, Afrika kaingia 2016, Tanzania 2017, na hakuletwa na mtu kwa makusudi, hapo unapata mfano wa aliyeingia bila kualikwa.

Tahadhari moja kabla sijasahau, gugu karoti. Lina majani kama ya karoti na viua vyeupe vidogo, Arusha lilionekana mwaka 2010 na limeendelea kusambaa. Hilo mtoto asiliguse, liko kwenye mimea inayowasha ngozi vibaya na kubana kifua wenye pumu. Nimeona shule wanafunzi wametolewa kufyeka hilo gugu mikono mitupu kama adhabu, wiki nzima wamevimba macho. Onyesha kwa mbali, waeleze mche mmoja unatoa maelfu ya mbegu, likikutwa shuleni mtu mzima avae glovu aling'oe kabla halijachanua.

Mtihani wako wa mwisho usiwe "taja athari tano". Mpe hivi: shangazi amerudi safari, amekuja na mmea mzuri wa majini kwenye chupa, anataka kuumwaga kwenye bwawa la jirani uzaane, utamuuliza maswali gani? Sahihisha maswali yake, usisahihishe majibu. Na akiandika kwamba mahindi yaondolewe nchini, rudi kwenye kipindi cha kwanza, kosa ni letu sisi.

Kwa hesabu ya 87, gawa makundi manane, kila kundi ziwa lake na vizibo 64, jumla 512. Mwambie mwenye kioski pale mwaloni aanze kukuwekea kuanzia leo, kabla hajavifagia, na vioshwe, vina sukari, vinaleta sisimizi darasani.